Kompyuta Isiyo na Mwalimu

Mwaka 1965 Wizara ya Fedha ya Tanzania ilifunga kompyuta ya kwanza nchini. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa mitambo hiyo, kwa kuwa gharama na matatizo yake yalionekana kuyapita manufaa. Marufuku hayo yalilegezwa baadaye, lakini katika muda huo vijana wengi walimaliza masomo bila kuiona kompyuta kwa macho. Hiyo ni njia moja ya kukosea: kuiogopa mashine. Iko njia ya pili ambayo siku hizi yaelekea kuwa na hatari zaidi, maana hupendeza macho na hupigiwa makofi. Nayo ni kuiabudu mashine.

Mfano ulio wazi wa kosa hili la pili watoka Peru, nchi ya Amerika ya Kusini yenye vijiji vingi vya milimani. Mwaka 2005 Nicholas Negroponte wa Marekani alitangaza mpango wa kumpatia kila mtoto wa nchi zinazoendelea kompyuta ndogo ya dola 100. Bei hiyo haikufikiwa. Kompyuta hizo zilipoanza kutengenezwa kwa wingi mwaka 2007, kila moja ilikaribia dola 200. Hata hivyo nchi kadhaa ziliupokea mpango huo, Rwanda ikiwa mojawapo. Peru peke yake ilinunua zaidi ya kompyuta 800,000.

Watafiti walizichunguza shule za msingi 319 za vijijini nchini humo, na mwaka 2012 wakatoa matokeo yao. Baada ya miezi 15 hivi, wanafunzi waliopata kompyuta hawakuwapita wenzao katika hisabati wala katika lugha. Walionyesha nafuu kidogo katika mazoezi ya kufikiri kwa jumla, jambo lisilopasa kudharauliwa. Lakini darasa lilibaki kama lilivyokuwa. Walimu hawakuwa wamepewa mwongozo thabiti wa kuwaonyesha ni zoezi gani la kompyuta litumike kwa somo gani. Mashine zilifika, ufundishaji haukubadilika.

Hali ya namna hiyo si ngeni kwa wasomaji wa Afrika Mashariki. Si ajabu kuikuta shule ambayo chumba chake cha kompyuta kina kufuli kubwa, na ndani mashine zimefunikwa vitambaa zisiingie vumbi. Siku ya ugeni hufunuliwa, zikatazamwa, zikafunikwa tena. Jembe lililotundikwa ukutani halijapata kuotesha mhindi hata mmoja.

Je, kijana anapaswa kujifunza nini hasa? Kubonyeza vitufe ni kazi ya siku chache. Elimu yenyewe ni kujua jinsi tatizo linavyovunjwa kuwa hatua ndogo zilizo wazi, ambazo hata mashine isiyo na akili yaweza kuzifuata. Na tuchukue orodha ya majina 1,000 yaliyopangwa kwa alfabeti. Anayelitafuta jina moja kwa kuanzia juu, moja baada ya jingine, huenda akasoma majina yote 1,000. Lakini anayefungua katikati, akaona jina lake liko nusu ipi, akaitupa nusu nyingine na kurudia hivyo hivyo, hatapita hatua 10. Orodha ikiwa na majina 1,000,000, hatua zitakuwa 20 tu. Hapo ndipo ilipo nguvu ya kompyuta, na mwalimu aweza kuionyesha leo kwa kamusi, ubao na chaki. Mwanafunzi aliyekwisha kuielewa kanuni hiyo ataikuta kompyuta akiwa bwana wake, wala si mtumwa wake.

Watakuwapo wa kuuliza: basi shule zingoje mpaka walimu wote wafunzwe? La hasha. Kungoja ni kulirudia kosa la 1974, na watakaolipa gharama ni watoto wa vijijini, kwani wa wenye uwezo watajifunzia nyumbani. Linalotakiwa ni kubadili hesabu. Fedha za kompyuta 40 zisimalizwe kwa kununua kompyuta 40. Zinunuliwe 15, na zinazobaki zitumike kumfunza mwalimu wakati wa likizo, kulipia umeme na matengenezo, na kuandika mazoezi yanayofuata muhtasari wa masomo, yenye maelezo ya Kiswahili pale dhana inapokuwa ngumu. Wanafunzi watatu wakibishana mbele ya mashine moja hujifunza mengi kuliko mmoja aliyeachwa peke yake asijue la kufanya.

Kadhalika wakuu wa shule hawana budi kuondoa hofu ya kuharibikiwa. Kompyuta iliyochakaa kwa kutumiwa na vijana imekwisha kulipa gharama yake. Iliyozeeka ndani ya kitambaa ni hasara tupu.

Mwalimu asiyekuwa na mashine hata moja ana kamusi darasani, na aanze nayo kesho. Mwalimu mwenye ufunguo wa chumba cha kompyuta na aufungue mlango.