Kombaini na Shina Lake: Habari ya Tuskers wa Afrika Mashariki

Tarehe 19 Julai 2025, mjini Kampala, timu ya raga ya Zimbabwe iliishinda Namibia kwa pointi 30 kwa 28, ikajipatia nafasi katika Kombe la Dunia lililopangiwa kuchezwa Australia mwaka 2027. Fainali hiyo ya Afrika ilichezwa katika ardhi ya Afrika Mashariki, lakini wenyeji hawakuwamo uwanjani. Kenya na Uganda, mataifa mawili yenye raga ya siku nyingi katika Jumuiya yetu, yalikuwa yamekwisha kutolewa.

Tokeo hilo linaturudisha kwenye swali ambalo mtu wa vikosi hana budi kulitazama kwa makini. Nguvu iliyotawanyika mikoani, ya watu wenye kazi nyingine za kuwapatia riziki, huunganishwaje hata ikawa timu moja inayostahili kusimama mbele ya mabingwa? Kwa lugha ya viwanja vyetu timu ya namna hiyo huitwa kombaini. Haina wachezaji wake wa kudumu. Huazima watu, ikawavisha jezi moja, ikacheza, kisha ikawarudisha walikotoka. Askari aliyewahi kupelekwa katika kikosi cha mchanganyiko anaijua hali hiyo bila ya kuelezwa.

Kwa wasomaji wa mwambao wetu, kuanzia Magara hadi Rumonge na Nyanza-Lac, ambako neno mpira humaanisha mpira wa miguu, inafaa kueleza mchezo wenyewe kwa ufupi. Raga huchezwa na watu 15 kila upande, kwa mpira wenye umbo la yai. Mchezaji huubeba mpira mikononi na kukimbia nao, naye mpinzani ana ruhusa ya kumkamata na kumwangusha. Wanane wa mbele hushikana mabega na kusukumana na wanane wenzao katika kile kiitwacho skramu. Mpira haurushwi mbele kwa mkono hata mara moja. Hurushwa nyuma au ubavuni, na timu husonga mbele kwa miguu ya yule aliyeupokea. Anayeufikisha mpira nyuma ya mstari wa adui na kuuweka chini hupata trai. Siku hizi trai ni pointi 5, bali hadi mwaka 1971 ilikuwa pointi 3 tu, na jambo hilo tulikumbuke tutakapozisoma hesabu za zamani.

Tuskers na wageni wao

Mwaka 1953 kiliundwa chama cha raga cha Afrika Mashariki, kikiunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika, na makao yake yakawa katika uwanja wa Ngong Road, Nairobi. Timu teule ya chama hicho ilijulikana kwa jina la Tuskers, yaani ndovu wenye pembe. Hakuna aliyelipwa kwa kuichezea. Raga ya dunia nzima ya vyama vya aina ile ilikuwa ya ridhaa, na iliendelea hivyo hadi Agosti 1995, milango ya malipo ilipofunguliwa rasmi. Wachezaji wa Tuskers walikuwa wakulima wa mashamba ya nyanda za juu, makarani wa mijini, watumishi wa serikali, polisi na askari. Walitoka Nairobi, walitoka Bonde la Ufa, walitoka Kampala na Dar es Salaam.

Tarehe 28 Septemba 1955 timu hiyo ilipambana Nairobi na British Lions, ambayo nayo ni kombaini, ya Uingereza na Ireland. Wageni walikuwa wametoka Afrika Kusini, ambako walitoka sare ya ushindi mara mbili kwa mbili katika michezo minne dhidi ya timu ya taifa. Waliishinda Afrika Mashariki kwa 39 kwa 12. Mwaka 1962 Lions walirudi, wakashinda kwa 50 bila. Mwezi Mei 1964 Wales, ikiwa njiani kwenda Afrika Kusini, ilipita Nairobi na kushinda kwa 26 kwa 8.

Mtazamaji wa haraka atasema walifungwa mara tatu, basi. Mwenye kuchambua hawezi kuishia hapo. Pointi 12 dhidi ya Lions wa mwaka 1955, katika enzi ya trai ya pointi 3, si haba kwa watu waliofanya mazoezi baada ya saa za kazi. Kushindwa kwa 50 bila ni jambo jingine kabisa: hata kama kila trai ingefuatwa na teke lililofanikiwa, ni sawa na trai 10 bila ya kujibu hata moja. Ni nini kilichopungua katika miaka saba?

Kwa maoni yangu sehemu ya jibu haimo uwanjani. Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari nchini Kenya, na vikosi vya Uingereza vikaletwa kupigana na Mau Mau. Miaka ile nchi ilijaa Waingereza vijana wenye miili iliyozoeshwa mazoezi, na klabu za raga zilipata watu. Kufikia mwaka 1962 hali ilikuwa imegeuka. Tanganyika ilikuwa huru tangu Desemba 1961, Uganda ilikuwa inakaribia kupata uhuru Oktoba 1962, na walowezi wengi wa Kenya walikuwa wakiuza mashamba na kufunga mizigo. Sidai kuwa hiyo ndiyo sababu pekee, kwa maana ubora wa mpinzani nao una hesabu yake. Hata hivyo timu iliyoteuliwa miongoni mwa watu wanaoondoka haiwezi kuwa na shina. Iliitwa Afrika Mashariki, lakini ubaguzi wa rangi wa klabu za wakati ule uliwafanya Waafrika wenyewe wabaki nje ya uzio.

Hapo ndipo inapoingia hadithi ambayo kila mwanajeshi wa eneo hili amepata kuisikia kantini: kwamba Idi Amin alikuwa mchezaji wa akiba wa Afrika Mashariki siku ile ya mwaka 1955. Ni kweli kwamba Amin, aliyeingia King's African Rifles mwaka 1946, alikuwa bondia bingwa wa Uganda, na alicheza raga Jinja katika klabu ya Nile. Lakini hadithi ya akiba inaangushwa na sheria za mchezo wenyewe. Wakati ule raga haikuruhusu kubadilisha mchezaji. Aliyeumia alitoka, na wenzake wakaendelea pungufu. Benchi la kumweka Amin halikuwapo. Pengine hadithi imedumu kwa sababu watu walitaka pawepo angalau Mwafrika mmoja karibu na uwanja ule. Wamemchagua mtu wa ajabu kwa kazi hiyo, lakini haja yenyewe naielewa.

Shina jipya

Baada ya uhuru raga haikufa, ingawa wengi walitarajia hivyo. Ilihamia mikononi mwa wanafunzi. Shule za Nairobi zilizokuwa za Wazungu peke yao zilipopokea watoto wa Kiafrika, watoto hao walijifunza mchezo, wakaenda nao chuo kikuu na kazini. Mwaka 1977 ilianzishwa Nairobi klabu ya Mwamba, iliyoongozwa na kuchezewa na Waafrika. Kila nchi ikaanza kuithamini timu yake ya taifa kuliko ile ya pamoja, na jezi ya Tuskers ikapungukiwa na maana. Mwaka 2007 Uganda iliifunga Madagascar mjini Antananarivo kwa 42 kwa 11, ikatwaa ubingwa wa Afrika. Aprili 2016 Kenya, katika raga ya wachezaji saba, iliishinda Fiji kwa 30 kwa 7 katika fainali ya Singapore. Mwaka huohuo wa 2016 ubingwa wa klabu za Kenya ulikwenda Kabras, timu ya watu wa kiwanda cha sukari huko Kakamega, mbali na Ngong Road. Tukio hilo la mwisho halikupigiwa kelele nje ya Kenya, lakini kwangu lina uzito kuliko Singapore, kwa kuwa linaonyesha kwamba mchezo umeshuka kutoka mji mkuu na kuota mizizi mkoani.

Uwanja mmoja wa raga wa Uganda una maana nyingine kwa wasomaji wa ukurasa huu. Usiku wa tarehe 11 Julai 2010, watu waliokusanyika katika klabu ya raga ya Kyadondo, Kampala, kutazama fainali ya Kombe la Dunia la mpira wa miguu, walilipuliwa kwa mabomu ya al-Shabaab. Pamoja na mgahawa mwingine ulioshambuliwa usiku huo, waliokufa walizidi 70. Kundi hilo lilisema linalipiza kisasi kwa kuwapo kwa askari wa Uganda na Burundi Mogadishu. Vijana wa mikoa yetu yote waliopanda ndege kwenda Somalia kuanzia Desemba 2007 hadi mwaka 2024 wanajua gharama ya kuwa kombaini ya kweli. Kyadondo iliendelea kuchezewa raga.

Mikoa iliyofutwa, timu zilizobaki

Nchi iliyoipanga kombaini ya ridhaa kwa utaratibu ulio wazi ni New Zealand. Mwaka 2006 chama cha huko kiligawa mashindano ya mikoa sehemu mbili: mikoa mikubwa ikawa na wachezaji wa kulipwa, na mikoa 12 midogo ikawekewa mashindano yake ya ridhaa yaitwayo Heartland. Mwisho wa msimu huteuliwa timu moja ya 15 bora kutoka mikoa hiyo 12, wafugaji wa kondoo, madereva na walimu, nayo huvaa jezi ya Heartland dhidi ya wageni. Kombe kubwa la mashindano hayo lina jina la Colin Meads, na la pili lina jina la Brian Lochore. Wote wawili walikuwa wakulima waliotoka mikoa midogo wakafikia timu ya taifa, na Lochore aliifundisha timu iliyotwaa Kombe la Dunia la kwanza mwaka 1987. Meads husifiwa kwa kucheza Afrika Kusini mwaka 1970 akiwa na mkono uliovunjika. Sisi tuliofunzwa chuo cha maofisa tusimsifu sana kwa hilo. Kamanda mwenye akili angempeleka zahanati.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba mikoa hiyo ya raga si mikoa ya utawala. Serikali ya New Zealand ilifuta mikoa yake mwaka 1876, kabla ya vyama vya kwanza vya raga vya mikoa kuanzishwa mwaka 1879. Watu waliendelea kuchezea majina ambayo hayakuwa na mkuu wa mkoa, wala bajeti, wala mhuri.

Habari hiyo inatuhusu moja kwa moja hapa Magara. Rumonge ilifanywa mkoa mwaka 2015, na mwaka 2025, mikoa ya Burundi ilipopunguzwa kutoka 18 kuwa 5, sehemu yake kubwa ikaingizwa katika Burunga. Nimesikia watu wakiuliza kama michezo ya vijana wa Rumonge itamezwa na eneo kubwa zaidi. Si lazima. Mipaka ya utawala ina kazi yake, na timu ina yake. Hatari iko kwingine, nayo ni jicho la mteuzi. Burundi ina shirikisho lake la raga na imekwisha kucheza na majirani, lakini katika nchi ndogo mteuzi huona upesi wale walio karibu naye, Bujumbura, na Rumonge iko kilometa zipatazo 70 kusini. Kijana anayevuta nyavu za ndagala usiku kucha, au anayebeba vikonyo vya michikichi kupanda mlima, ana mgongo na mapaja ambayo skramu huyahitaji. Hajawahi kuuona mpira wa umbo la yai. Si kosa lake.

Vikosi vina uwezo wa kusaidia pale ambapo klabu za kiraia zinashindwa, kwa sababu vimekwisha kuenea. Kuna askari na polisi mahali ambapo hakuna kocha. Michezo ya kijeshi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ina mpira wa miguu, mpira wa kikapu, mpira wa mikono na mbio za nyika. Raga ingeweza kuombewa nafasi, hata ya wachezaji saba, ambayo haihitaji watu wengi na humalizika kwa dakika 14. Kiwanja kamili kina urefu wa meta 100 na upana usiozidi 70. Mwambao wetu ni mwembamba, ziwa upande huu na milima upande ule, lakini mahali palipo na uwanja wa mpira wa miguu panatosha.

Kinachosumbua ni ruhusa. Mchezaji wa ridhaa halipwi, kwa hiyo muda wake hutolewa na mwajiri wake, na mwajiri wa askari ni zamu. Mkuu wa kituo kidogo akiombwa watu wawili kwa majuma matatu ya mazoezi, atauliza ni nani atakayeshika doria ya ziwani usiku, na nani atakayewatibu wakirudi na bega lililoteguka. Ana haki ya kuuliza. Maswali hayo mawili yajibiwe kwa maandishi, na yatiwe sahihi na mwenye mamlaka, kabla ya mtu yeyote kutumwa Bujumbura kununua mpira.