Deni la Kamari Halilipwi kwa Kamari

Tangu simu ya mkononi igeuzwe meza ya kamari, mtumishi wa Bukene, wilayani Nzega, hana haja ya kwenda mjini kupoteza mshahara wake. Huupoteza akiwa nyumbani, watoto wamelala.

Anayeamua kuacha huachana na mchezo, lakini deni hubaki. Hapo ndipo penye mtego: hujidanganya kwamba dau moja la mwisho litalifuta, kumbe ndilo linaloliongeza. Mwingine hukimbilia mikopo ya "kausha damu", akaweka rehani kadi yake ya benki, akawa kibarua wa mshahara wake mwenyewe.

Utaratibu wa utumishi wa umma hutaka theluthi moja ya mshahara isiguswe na makato. Busara hiyo na iwe kipimo: familia ile kwanza, deni lilipwe kidogo kidogo, na mwenzi wa ndoa aelezwe ukweli wote.

Katika karne ya 19 mapagazi wa Kinyamwezi walibeba mizigo ya kilo 30 hivi hadi pwani, kambi kwa kambi, kwa miezi kadhaa. Mdeni naye hana njia ya mkato. Wenzake kazini wamtie moyo, wasimcheke.