Mnyoo wa Jicho na Lawama Isiyo Haki

Walimu wenzetu, yako maneno yasemwayo juu ya watu wa misitu ya Kongo, nasi hatuwezi kuyanyamazia. Yasemwa: "Wapumbavu hao! Waletewa bure dawa ya kuzuia upofu, nao waikataa." Twasema kwamba lawama hiyo haina haki.

Wasomaji wetu wa Ituri wamjua mnyoo aitwaye loa. Pange wa msituni, aumaye mchana na kuvutwa na moshi wa kuni, ndiye amwingizaye katika mwili wa mtu. Hutembea chini ya ngozi miaka mingi, akileta uvimbe wa mikono na wa kope. Na pengine huonekana akipita juu ya weupe wa jicho, kisha hutoweka. Tabibu mmoja Mfaransa, Mongin, alimwona mwaka 1770 katika jicho la mtumwa wa kike huko Saint-Domingue, akajaribu kumtoa asiweze.

Loa hapofushi. Apofushaye ni mnyoo mwingine, aletwaye na usubi wa mitoni, na juu yake ivermektini, itolewayo bure tangu 1987, ni dawa njema sana. Lakini mwenye watoto wa loa zaidi ya 30,000 katika mililita moja ya damu akiinywa, wao hufa kwa wingi mara moja, naye aweza kuzimia na hata kufa. Hayo yalitokea Kameruni na Kongo. Je, aliyemzika nduguye baada ya kidonge ni mpumbavu akiogopa kidonge cha pili?

Wengine hujibu: "Waliokufa ni wachache, waliookoka ni wengi." Hesabu ni kweli, lakini mchungaji hahesabu kondoo hivyo. Tena haikuwa lazima kuchagua. Mwaka 2015, huko Okola nchini Kameruni, watu walipimwa kwanza tone la damu kwa hadubini iliyofungwa katika simu. Waliozidi kiasi, wapata 2 katika kila 100, hawakupewa dawa. Wengine zaidi ya 15,000 waliinywa, wala hakuna aliyeshikwa na ugonjwa huo wa ubongo.

Basi kosa si la mwenye kuogopa, bali la mwenye kugawa bila kupima wala kueleza. Nasi walimu tumo lawamani, ikiwa twawaacha watoto wadhani loa ni uchawi, au minyoo hii miwili ni mmoja. Tuwafundishe, ili wazazi wao waulize: "Damu yetu imepimwa?" Kuuliza si ujinga, ujinga ni kumdharau aulizaye.