BUSTANI YETU: Mtini wa Kiitalia Ugenini

Mtu apitaye mwezi wa Novemba katika mitaa ya zamani ya Waitalia huko Brooklyn, katika jiji la New York, aweza kuona mzee na wajukuu wake wakichimba handaki nyuma ya nyumba, refu kama kimo cha mtu. Atadhani pana msiba. Kumbe kinachozikwa ni mti. Majani yake yamekwisha kupukutika, matawi yamefungwa kwa kamba yakawa kama mzigo wa kuni, mizizi ya upande mmoja imekatwa, na sasa mti mzima unainamishwa taratibu hadi ulale ndani ya handaki. Juu yake huwekwa mbao, kisha majani makavu, kisha udongo. Mwezi wa Aprili, baridi ikipungua, jamaa ile ile huufukua na kuusimamisha tena.

Mti huo ni mtini. Msomaji anaufahamu kwa jina, ama kutokana na Kurani Tukufu, ambamo sura ya 95 inaitwa kwa jina la tunda lake, ama kutokana na Biblia, ambamo Adamu na Hawa walijishonea nguo kwa majani yake. Lakini wengi wetu tini tumezila kavu tu, zilizobanwa katika pakiti na kuuzwa pamoja na tende, na ni wachache waliopata kuuona mti wenyewe ukizaa.

Kati ya mwaka 1880 na 1920 Waitalia zaidi ya milioni 4 waliingia Marekani, wengi wao wakulima maskini kutoka Calabria, Campania na kisiwa cha Sicilia. Mizigo yao ilikuwa midogo, lakini wako waliobeba humo kipande cha tawi la mtini wa nyumbani. Hawakubeba mbegu, na walikuwa na sababu. Mche unaotokana na mbegu ya tini haufanani na mama yake, na mingi huzaa matunda yasiyolika. Kipande cha tawi, urefu wa shibiri moja hivi, kikichomekwa ardhini hutoa mizizi na kuwa mti ule ule ulioachwa kijijini. Basi mtini wa Brooklyn si mtoto wa mtini wa Calabria. Ni mti huo huo wenyewe katika udongo mwingine.

Udongo haukuwa tatizo kubwa, kwa kuwa mtini hauchagui sana ardhi. Tatizo lilikuwa majira. Mtini mzima uliolala, yaani usio na majani, huvumilia baridi ya nyuzi 9 au 10 chini ya sifuri. Baridi ikizidi hapo, matawi hufa hadi chini, ingawa mizizi hubaki hai na kuchipua upya. Mtu aweza kuuliza: ikiwa mti huchipua tena, ya nini kujisumbua kuuzika?

Jibu liko katika tabia ya mtini, nayo ni tabia ambayo kila apandaye mti huu yampasa aielewe. Mtini waweza kuzaa mara mbili kwa mwaka. Mazao ya kwanza, ambayo Waitalia huyaita fioroni, hutoka juu ya matawi ya mwaka uliopita na kuiva mwezi wa Juni au Julai. Mazao ya pili, yaitwayo forniti, hutoka kwenye machipukizi mapya ya mwaka huo na kuiva kuanzia Agosti. Baridi ikiua matawi, fioroni zimepotea zote, maana mahali pake pa kuota hapapo tena. Forniti huweza kutoka, lakini mti hupoteza majuma mengi ukijijenga upya kutoka mizizini, na huko New York baridi ya vuli haimngoji mtu. Tini hubaki kijani na ngumu mtini hadi zinaganda. Kwa hiyo anayezika mti hauokoi uhai wake tu, bali anaokoa matawi yake, na pamoja nayo juma moja baada ya jingine la jua.

Wasio na nafasi ya handaki huufunga mti ukiwa wima kwa magunia, mazulia makuukuu na karatasi ya lami, kisha huufunika kichwa kwa ndoo ili maji yasipenye. Wengine huupanda katika pipa na kuusukuma hadi chumba cha chini cha nyumba, kwani mti uliolala hauhitaji mwanga.

Hapo ndipo aina ya mtini inapokuwa jambo la kufa na kupona. Katika nchi ya Italia kwenyewe ziko aina nyingi mno, na kila wilaya husifu ya kwake. Mashuhuri kuliko zote ni Dottato, yenye ngozi ya kijani ya manjano na nyama tamu kama asali. Ndiyo inayokaushwa Cosenza na Cilento, ambako tini zake kavu zimepewa ulinzi wa jina na Umoja wa Ulaya, Cilento mwaka 2006 na Cosenza mwaka 2011. Ndiyo pia inayokaushwa Carmignano, karibu na Firenze, ambako tini mbili hubanwa pamoja na kutiwa mbegu za anisi katikati. Huko California Dottato ilibadilika jina ikaitwa Kadota. Aina nyingine, Brogiotto Nero, ina ngozi nyeusi na ladha ambayo wengine huiona bora kuliko ya Dottato, lakini huchelewa kuiva. Katika jua refu la Italia kuchelewa si kosa. Mahali pa majira mafupi, mwenye Brogiotto aweza kuutunza mti wake mwaka mzima akaishia kula tini chache.

Liko kosa la pili ambalo ni baya zaidi, kwa sababu halitibiki kwa gunia wala kwa handaki. Mtini una maua yake ndani ya tunda, na baadhi ya aina haziivishi tunda mpaka nyigu mdogo sana aingie kwa tundu la chini, liitwalo jicho, akiwa amebeba chavua. Nyigu huyo huzaliwa ndani ya tini za mti wa mwitu ambao Waitalia huuita caprifico, yaani mtini wa mbuzi. Pasipo mti huo na nyigu wake, tini za aina hizo hunyauka na kudondoka zikiwa changa. Wakulima wa California walijifunza jambo hili kwa hasara. Katika miaka ya 1880 waliagiza vipande vya mitini ya Smyrna, mji wa Uturuki uitwao leo Izmir. Miti ikakua ikapendeza, na matunda yakaanguka mwaka baada ya mwaka, hadi nyigu walipoletwa kutoka Algeria na kustawi Fresno mwaka 1899. Baadhi ya aina za kusini mwa Italia ni za tabia hiyo hiyo. Dottato na Brogiotto hazimhitaji nyigu, na hiyo ni sababu moja kubwa ya kusafiri kwake mbali.

Ndugu msomaji wa Dar es Salaam au Tanga atasema, sisi theluji hatunayo, basi kwetu kazi ni rahisi. Si hivyo hasa. Tazama Valinhos, mji wa jimbo la São Paulo huko Brazil, ambako mhamiaji wa Kiitalia alipeleka mtini wa tunda la zambarau mwanzoni mwa karne ya 20, na mji ukapata sifa kwa tini hizo. Huko mti haupumzishwi na baridi kali, bali kwa mkasi. Katika majira yao ya baridi, Julai au Agosti, mkulima hukata matawi karibu yote, akabakiza vishina vifupi, na machipukizi mapya ndiyo yanayozaa. Adui wa Valinhos ni unyevu. Majani hupata kutu, ugonjwa wa ukungu unaoyakausha kabla ya wakati, na mvua ikinyesha tini zikikaribia kuiva, maji huingia kwa jicho, tunda likapasuka na kuchachuka. Naamini hilo ndilo funzo linalotufaa zaidi katika pwani yetu kuliko la Brooklyn. Katika sehemu za kiangazi kirefu, Dodoma mathalani, shida hiyo ni ndogo. Pwani, mti katika pipa chini ya ukingo wa paa, uliokatwa kwa hesabu ili tunda liive masika yakiwa yamepita, una nafasi njema kuliko ule uliopandwa penye mvua. Tunda huchukua miezi mitatu hadi minne tangu lichomoze hata liive, kwa hiyo hesabu si ngumu. Hapa pia Dottato ina faida yake, maana jicho lake huzibwa na tone la utomvu mtamu.

Asitokee mtu akatumaini mikuyu yetu. Ni kweli mkuyu ni ndugu wa mtini, na nao una nyigu wake, lakini nyigu wa mkuyu ana ujuzi wa mkuyu tu. Huko Misri, ambako mkuyu ulipelekwa zamani bila nyigu wake, wakulima huchanja makuyu kwa kisu ili yaive.

Ukipewa kipande cha mtini na rafiki, usishukuru na kuondoka upesi. Muulize kama mti wake huzaa mahali pasipo mtini wa mwitu, huzaa juu ya tawi la zamani au jipya, na huiva mwezi gani. Kata chini ya jicho la tawi, acha utomvu mweupe ukauke, na uoshe mikono, kwani utomvu huo ukipigwa na jua huunguza ngozi. Kisha andika jina la aina hiyo kwa msumari juu ya kipande cha bati na ukifunge shinani. Wazee wengi wa Brooklyn hawakufanya hivyo. Walipofariki, nyumba zikauzwa, na wanunuzi wakaikata mitini ile iliyofungwa matambara bila kujua ni nini. Iliyookoka ni ile ambayo majirani walikuwa wamekwisha kupewa vipande vyake, nayo mingi haina jina tena ila hili tu: mtini wa babu.