Kanzu ya Nabii Yusuf (a.s.) na Kompyuta ya Chuo



Sifa njema zote zinamstahikia Allah (s.w.t.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu wazazi na wanafunzi wapenzi, mwaka huu baadhi yenu mlitujia na swali, na wengine mlitujia na lawama. Mlisikia kwamba watoto wa miaka 10 hadi 13 wanatengeneza visa vya picha kwa kompyuta, mkauliza: je, chuo sasa kimekuwa ukumbi wa katuni? Mzazi anayemleta mwanawe hapa ana haki ya kuuliza hivyo, na sisi walimu tuna wajibu wa kujibu.

Kwanza, kufundisha kwa kisa si jambo la kuiga kwa wengine. Qur'ani yenyewe imejaa visa, na katika aya ya 3 ya Surat Yusuf tunaambiwa kuwa tunasimuliwa simulizi zilizo nzuri mno. Wala kufundisha kwa mchoro si jambo geni. Imam Bukhari amepokea kutoka kwa Abdullah bin Masud (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) aliwachorea masahaba mraba, akapiga mstari katikati uliotokeza nje yake, kisha akapiga vistari vidogo pembeni. Akawaeleza: mstari wa kati ni mwanadamu, mraba ni ajali yake iliyomzunguka, kilichotokeza nje ni matumaini yake, na vistari ni misukosuko, ukimkosa huu, humpata ule. Somo zima la maisha na mauti kwa mistari michache tu.

Pili, suala la taswira. Hatulifichi. Zipo hadithi sahihi zenye onyo kali kwa wenye kuchora viumbe wenye roho. Ipo pia hadithi ya Bibi Aisha (r.a.) kuchezea wanasesere, na wapo maulamaa waliotoa ruhusa kwa ajili ya malezi ya watoto. Maulamaa wamekhitalifiana, na sisi si wa kuamua baina yao. Tulichofanya ni kushika nasaha ya Ibn Abbas (r.a.), aliyemwambia mchoraji mmoja kwamba ikiwa hana budi, basi achore miti na visivyo na roho. Hiyo ndiyo kanuni ya chuo chetu: hakuna uso, hakuna mtu, na Mitume na masahaba hawachorwi kabisa.

Mtauliza, kisa bila watu kitasimuliwaje? Wanafunzi nao waliuliza hivyo hivyo, tena kwa kununa. Tukawaambia wasome Surat Yusuf watafute kitu kimoja kinachorudi tena na tena. Haikuchukua muda msichana mmoja akasema: "Maalim, kanzu!" Na ndivyo. Katika aya ya 18 kanzu inaletwa kwa baba ikiwa na damu ya uongo. Katika aya ya 25 hadi 28 kanzu imechanwa kwa nyuma, na huko kuchanika kunakuwa ushahidi wa kumtoa Yusuf (a.s.) katika tuhuma. Katika aya ya 93 na 96 kanzu inatupwa usoni mwa Nabii Yaaqub (a.s.) na macho yake yanaona tena. Kanzu ya kwanza ya uongo, ya pili ya ukweli, ya tatu ya rehema. Walichora kisima, mlango, jela yenye dirisha dogo na kanzu hizo tatu. Mwanafunzi ambaye mwaka mzima alikuwa akichanganya mwanzo na mwisho wa kisa sasa anakisimulia bila kukwama, kwa sababu alilazimika kupanga kipi kinatangulia kipi.

Vifaa vyetu ni haba. Tuna kompyuta moja, zamu za watoto watatu watatu, na programu ya PowerPoint, ile ile inayotumika maofisini. Kila ukurasa una picha moja, na sauti ya mtoto imerekodiwa kwa simu ya mwalimu akisoma aya na kueleza. Makosa ya tajwidi ambayo mtoto hayasikii anaposoma, huyasikia anapojisikiliza. Wengi waliomba wenyewe kurudia.

Lakini tungekuwa si wakweli kama tungesema hakukuwa na madhara. Kijana mmoja, mwerevu kabisa, aliweka kwenye picha ya kanzu yenye damu kile kiduara cha maneno cha katuni, akaandika ndani yake kwamba Nabii Yaaqub (a.s.) aliwafokea wanawe na kuapa kulipiza kisasi. Tulipomuuliza ameyatoa wapi maneno hayo, alijibu kwamba ndivyo baba yeyote angesema. Tukamfungulia aya ile ile ya 18. Nabii Yaaqub (a.s.) hakuapa kisasi. Aliwaambia kuwa nafsi zao zimewashawishi, akashika subira njema na kumtaka Allah msaada. Kijana alinyamaza, kisha akafuta.

Hapo ndipo tulipoona hatari ilipo hasa. Tulikuwa tumelinda picha, tukasahau maneno. Kiduara kile kitupu kinamwita mtoto akijaze, na akikijaza kwa dhana yake amemsemea Mtume wa Allah jambo asilolisema. Nanyi mnajua onyo la Mtume wetu (s.a.w.) kwa anayemzulia uongo kwa makusudi: ajiandalie makazi yake Motoni. Mtoto hakukusudia, lakini sisi tuliompa chombo bila kumpa mpaka tungejibu nini?

Siku hizi zipo pia programu za akili mnemba: unaandika sentensi moja, picha inatoka. Hizo hatuzitumii. Mara nyingi huharibu herufi za Kiarabu, na aya iliyokosewa ni msiba. Isitoshe, zinamnyima mtoto kazi yenyewe ya kufikiri, ambayo ndiyo tuliyoitaka.

Kwa hiyo rai yetu ni hii: tuendelee, lakini kwa adabu. Kisa kisomwe na kueleweka kwanza, kompyuta ifunguliwe baadaye. Kila neno linalotajwa kuwa la Mtume au sahaba liandikiwe chini yake sura na aya, au kitabu cha hadithi. Lisilo na asili lifutwe. Na hakuna kazi itakayotoka nje ya chuo kabla mwalimu hajaisikiliza yote.

Nanyi wazazi, tunawaomba jambo moja lisilohitaji kompyuta. Mtoto akikuonyesha kisa cha dini kwenye simu, kiwe chake au cha kutumiwa, muulize: "Haya maneno yametoka wapi?" Akizoea swali hilo akiwa mdogo, atalitumia hata siku sisi hatupo.

Allah (s.w.t.) atuongoze, azisamehe kasoro zetu na awafanye watoto wetu kuwa kitulizo cha macho yetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.