Nani Mwenye Ubavu wa Kukataa Gunia?

MIZANI YA WIKI
Na Rehema Mwakalinga

Msimu wa mahindi ukiiva nyanda za juu kusini, malori hupanga foleni nje ya maghala ya Makambako na Songea. Kila mtu ana haraka zake. Mkulima anataka pesa, dereva anataka kugeuza, kuli analipwa kwa gunia, na mkubwa fulani ameshapiga simu kuuliza mbona mzigo wa shemeji yake haujashushwa. Katikati ya purukushani hiyo amesimama mtunza ghala, na bambo lake na kipima unyevu. Kwa maoni yangu, usalama na tija ya ghala zima viko mikononi mwa mtu huyo: je, akisema hapana, inabaki hapana?

Mahindi ya kuhifadhi hayatakiwi kuzidi unyevu wa asilimia 13.5. Gunia lenye asilimia 16 halikuonyeshi kitu siku ya kwanza. Likishafukiwa katikati ya lundo hupata joto, unyevu wake ukahamia kwa majirani, ukungu ukaota, na nyuma ya ukungu ikaja sumukuvu, ambayo moto wa jikoni hauiondoi. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, sumukuvu iliua watu wapatao 20. Yale yalikuwa mahindi ya majumbani, kila kaya na yake. Ghala hulisha wilaya nzima.

Kinachofuata ndani ya mlango wengi wanakijua: magunia yakae juu ya chaga, lundo lisiguse ukuta wala dari, kilichotangulia kuingia kitangulie kutoka. Tatizo ni ule upenyo kati ya lundo na ukuta. Mhasibu akiutazama anaona nafasi inayokaa bure, na ghala likifurika ndio wa kwanza kuzibwa. Bila huo upenyo hutawaona panya, hutaliona vumbi la dumuzi wala paa linalovuja, na siku ya kufukiza turubai halitafunika lundo mpaka sakafuni. Hapo gesi ya fosfini inavuja. Dumuzi anabaki hai, na mlinzi aliyejilaza pembeni huenda asiamke. (Mlinzi kulala ndani ya ghala lililofukizwa ni jambo la kupigwa marufuku kabisa, hata mvua ikinyesha.)

Tuje kwa kuli. Tangu 1967 Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza mwanaume mzima asibebe mzigo wa zaidi ya kilo 55. Sisi tuna gunia la kilo 100, na lumbesa juu yake, na bado tunamtaka aupandishe mzigo huo kwenye ngazi ya magunia yanayoteleza. Wenye maghala huniambia gunia dogo linachelewesha kazi. Siafiki. Kuli aliyechoka halipangi gunia, analitupa. Mshono unafumuka, nafaka inamwagika, panya wanakaribishwa, na lundo lililopangwa upande litamwangukia mtu. Muda uliookolewa asubuhi unalipwa jioni kwa kuzoa na kushona upya, hapo kama hakuna aliyevunjika mguu.

Ujenzi wa maghala mapya nauunga mkono. Ila siku ya kukata utepe sijawahi kusikia mgeni rasmi akiuliza kama kipima unyevu kipo, na kama kinafanya kazi.

Viongozi wa vyama vya ushirika, kabla hamjafungua mizani msimu huu, andikeni kwenye muhtasari wa kikao kwamba uamuzi wa mtunza ghala kuhusu unyevu haupinduliwi kwa simu ya mtu yeyote. Kisha tengeni sakafu ya kuanikia hapo hapo jirani na ghala, ili mkulima aliyekataliwa leo akaushe mahindi yake na kupima tena, badala ya kumlipa mwenye lori nauli ya kumrudisha.