Kitenzi "Funga" na Aliyeumwa na Nyoka

Katika mashamba ya chai ya Kericho na Bomet, hasa pembezoni mwa msitu wa Mau, mchuma chai akiumwa na nyoka, aghalabu tabibu wake wa kwanza ni mchumaji mwenzake. Hapo ndipo lugha inapoweza kuokoa au kuangamiza.

Kitenzi "funga" kimetwikwa mizigo mingi mno. Jeraha linalovuja damu hukandamizwa kwa nguvu, kisha likafungwa kitambaa. Mkono uliovunjika hufungwa gango usitikisike. Mguu ulioumwa na nyoka, kinyume chake, ukifungwa kamba ya kukaza huweza kuoza hata ukakatwa. Chale za wembe na jiwe jeusi la nyoka, licha ya sifa zake, haviondoi sumu. Mgonjwa atulizwe, avuliwe viatu na pete kabla ya kuvimba, kisha abebwe upesi hospitalini pasipo kutembezwa.

Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliiweka sumu ya nyoka katika orodha ya maradhi ya tropiki yaliyopuuzwa. Je, wanaistilahi nao hawajaipuuza? Tasnifu moja ya istilahi za huduma ya kwanza, iliyojaribiwa mbele ya wachumaji wenyewe na si mbele ya jopo la watahini tu, ingefaa kuliko makala kumi kuhusu istilahi za kompyuta.